Rezista Ndogo, Mlinzi wa Taa

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Wakazi wa Kasubi, jijini Kampala, hawahitaji kufundishwa maana ya maneno hayo. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka wa Buganda. Kwao, kifaa kinachopata joto kupita kiasi si jambo la mzaha.

Siku hizi fundi wa mtaani aweza kuunda taa ya LED kwa betri ya volti 12, ili umeme ukatikapo mtoto asome bila kibatari. Taa hiyo ikifa mapema, lawama huiangukia taa yenyewe. Sisi twasema: kwanza ichunguzwe rezista.

LED haina uwezo wa kujizuia. Volti zikizidi kidogo tu, mkondo wa umeme huongezeka sana, na taa huungua. Rezista ndiye askari wa zamu langoni: huruhusu mkondo upite kwa kiasi kilichoamriwa.

Natufanye hesabu. LED nyeupe tatu zilizofuatana, kila moja ikitumia volti 3.2, huhitaji volti 9.6. Mkondo wake uwe miliampea 20, yaani ampea 0.02. Fundi mwenye haraka hutoa 9.6 katika 12, hupata 2.4, hugawanya kwa 0.02, na kuchagua rezista ya omu 120. Hapo ndipo anapokosea. Betri inapochajiwa hufikia volti 14.4. Zinazobaki kwa rezista ni 4.8, na mkondo huwa miliampea 40: maradufu ya kipimo!

Hesabu sahihi huanza na volti za juu kabisa. Gawanya 4.8 kwa 0.02, upate omu 240. Ukiikosa dukani, chukua ya 270, yenye mistari ya nyekundu, zambarau na kahawia. Kamwe usishuke chini.

Joto nalo lipimwe: 4.8 mara 0.02 ni wati 0.096, hivyo rezista ya robo wati yatosha. Lakini LED moja pekee huhitaji omu 560, na joto lafikia wati 0.224. Hapo tumia ya nusu wati.

Ndugu fundi, betri isipimwe kwa maandishi ya ubavuni mwake. Ipimwe inapochajiwa, kisha rezista ichaguliwe.