Maji Yakijaa Mida

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la lenzi. Mtu amenunua kamera, anataka kupiga picha za ndege wa porini, na anaamini kinachomkwamisha ni ile lenzi ya milimita 600 asiyoweza kuimudu. Lenzi ndefu inasaidia, sibishi. Lakini haiwezi kuiondoa hewa iliyo kati yako na ndege. Kufikia saa tatu asubuhi tope la pwani limeshapata joto, hewa iliyo juu yake inachezacheza, na ndege aliye mita 100 mbele anatoka na manyoya yaliyovurugika hata kamera iwe ya bei gani. Dawa ni kupunguza umbali. Na mwenye uwezo wa kuupunguza bila kuharibu picha ni ndege mwenyewe, akiamua kukujia.

Sijui mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili kuliko Hori ya Mida, karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope pana wakitafuta kaa na minyoo, na anayewafuata kwa miguu huwafukuza toka upande huu hadi ule, akarudi nyumbani na picha za migongo. Maji yakianza kujaa, tope linapungua, nao wanasogea kidogo kidogo kuelekea ukingo wa mikoko. Aliyetangulia kuketi pale ukingoni hana haja ya kwenda popote.

Kwa hiyo jifunze kwanza kusoma jedwali la maji, lenzi baadaye. Katika pwani ya Kenya, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hujaa kabisa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku yanachelewa zaidi ya nusu saa. Ndiyo sababu mimi huchagua siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu: maji hujaa karibu na saa kumi na moja jioni, jua limeshainama na nuru yake imelainika. Uwe umeketi tangu saa tisa. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, hujaa katikati ya asubuhi, mwanga ukiwa mkali, tena hayana nguvu ya kuwasukuma ndege. Siku hizo chukua darubini, acha kamera.

Ndege huliogopa umbo la mtu aliyesimama wima. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walilitambua hilo zamani, wakawa wanajificha ndani ya ng'ombe wa bandia aliyevalishwa ngozi ili wawakaribie ndege. Cherry alifika Afrika Mashariki na kamera zake mwaka 1909. Sisi tuna njia nyepesi. Mbugani, gari lenyewe ni maficho. Mida kuna kibanda cha kutazamia ndege mwishoni mwa daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Usipokitumia, lala kifudifudi na uiegemeze lenzi kwenye mfuko wa mchanga. Utachafuka, lakini kamera itakuwa usawa wa jicho la ndege, na mikoko iliyo nyuma yake itakuwa mbali kiasi cha kugeuka rangi laini tupu.

Kisha msome ndege. Kitwitwi anayekula kwa utulivu amekukubali. Akiacha kudonoa, akainua shingo, na wenzake wakaanza kukusanyika, umeshavuka mpaka wake: usisogee tena, na ikibidi rudi nyuma hukohuko chini. Wanaosubiri kundi liruke ndipo wapige picha nawalaumu bila haya, na zaidi wanaofanya hivyo Machi na Aprili. Miezi hiyo ndege hawa wanaweka mafuta ya safari ya kurudi kuzaliana Siberia na kwingineko kaskazini. Kila mruko wa bure unakula akiba hiyo.

Kwangu mimi, fahari ya Mida ni Dromas ardeola, ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huzaliana kwenye mchanga wa Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akichimba shimo na kutaga humo, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa jamii yake. Kinda wake huja naye hadi kwetu, na miezi kadhaa baadaye bado anamfuata mzazi topeni akiomba kaa. Picha ya kupiga ni hiyo: kijana wa kijivujivu nyuma ya mzazi, na tope lao likionekana. Usiwabane kwenye fremu mpaka mahali pao papotee.

Weupe wa mla kaa unataka uangalifu. Kamera hupima wastani wa mwanga. Ikiona mikoko ya giza nyuma inaongeza, na manyoya meupe yanaungua yasibaki na alama yoyote. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, hata stopu nzima. Akiwa mbele ya anga jeupe, fanya kinyume. Kasi ya shata ya 1/500 inamtosha anayetembea. Anayeruka anahitaji 1/2000, na fokasi ibaki jichoni. Mwenye simu tu aiweke kwenye kioo cha darubini ya miguu mitatu. Inatoa picha za kutosha kumtambua ndege, na mara nyingine nzuri kweli.

Jioni, kabla ya kufunga begi, kagua miguu. Baadhi ya ndege hawa huvishwa pete na watafiti, na picha inayoonyesha rangi au herufi zake, hata ikiwa haina uzuri wowote, inaweza kueleza alikotoka. Andika tarehe, mahali na mguu wenye pete, kulia au kushoto, kisha uipeleke Nature Kenya au Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.