Mistari Inayorudiwa katika Fomu za Mapokezi

Chama cha msingi kinapohamisha daftari la mapokezi ya kahawa kutoka kwenye karatasi na kulitia katika ukurasa wa kompyuta, hubadilika jambo moja ambalo karani halioni kwa macho. Katika daftari, kilo zilizoandikwa mbele ya jina la mwanachama ni zake, kwa kuwa zimo katika mstari wake. Katika kompyuta hakuna mstari. Karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, kivinjari hukusanya maelezo yote ya ukurasa na kuyapeleka kwenye seva kama mfululizo wa jozi: jina la nafasi na kilichojazwa humo, kisha jozi nyingine, hata mwisho wa ukurasa. Mistari iliyochorwa kwenye kioo hubaki kwenye kioo. Nani mwenye kilo 62 na nani mwenye kilo 26 hujulikana kwa majina ya nafasi hizo peke yake, na majina hayo huwekwa na mtunzi wa kiolezo cha ukurasa, ambaye aghalabu hajapata kusimama penye mizani hata siku moja.

Kiolezo ni ukurasa wenye mapengo unaotunzwa kwenye seva. Mtunzi huandika mstari mmoja tu wa jedwali, kisha huiamuru seva iurudie kwa kila stakabadhi. Mstari ukirudiwa mara 40, na nafasi ya kilo ikiitwa «kilo» kila mara, seva itapokea maelezo 40 yenye jina moja. Yatakayofuata hutegemea lugha iliyotumika. PHP, lugha iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, hushika la mwisho tu na kuyaacha yale 39. Ukurasa wa Java hupata la kwanza iwapo programu imeuliza kwa getParameter, na yote iwapo imeuliza kwa getParameterValues. Django, inayotumia lugha ya Python, hutoa la mwisho isipokuwa ikiulizwa kwa getlist. Kosa la namna hii, ingawa ni kubwa, halina hatari sana, kwa sababu jumla ya siku hailingani hata kidogo na ya mizani, na mtu yeyote ataligundua jioni ile ile.

Hatari zaidi ni kosa linaloacha jumla ikiwa sahihi. Katika PHP, mtunzi akiongeza mabano ya mraba mwishoni mwa jina, yaani «kilo[]», maelezo yote 40 hupokewa na kupangwa kwa zamu, kuanzia sifuri. Wengi huishia hapo na kudhani kazi imekwisha. Lakini fomu ya mapokezi huwa pia na kisanduku cha kutia alama kwa mwanachama anayekatwa mkopo wa pembejeo, na kisanduku kina tabia yake: kisipotiwa alama, kivinjari hakipeleki chochote, wala hata neno «hapana».

Chukuliwe mfano wa stakabadhi tatu, ambapo mwenye deni ni wa tatu peke yake. Kilo zitafika tatu, kwa zamu yake. Alama ya mkopo itafika moja, nayo, kwa kuwa ni ya pekee, itawekwa nafasi ya kwanza. Programu ikilinganisha orodha hizo mbili kwa zamu, mwanachama wa kwanza, asiyedaiwa kitu, atakatwa, na mdeni ataondoka na malipo kamili. Idadi ya wadeni ni ile ile na kilo ni zile zile. Kosa litajulikana siku ya malipo, mbele ya dirisha, na atakayelaumiwa ni katibu.

Dawa yake ni kuipa kila nafasi utambulisho ndani ya mabano badala ya kuyaacha matupu. Kiolezo kikiandika «kilo[4521]» na «mkopo[4521]», alama isiyofika haimsogezi mtu mwingine. Hukosekana penye namba yake tu, na programu husoma kukosekana huko kuwa hapana. Swali ni namba ipi itumike. Namba ya mstari haifai, kwani hubadilika mstari ukiondolewa au orodha ikipangwa upya. Namba ya uanachama huonekana kufaa, mpaka mwanachama alete kahawa asubuhi na kurudi tena alasiri: mizigo miwili itakuwa na jina moja, na wa pili utaufuta wa kwanza. Namba ya stakabadhi ndiyo iliyo salama, kwa kuwa kila mzigo una yake. Namba ya uanachama iandikwe kama nafasi mojawapo katika mstari huo.

Liko na suala la wingi. Tangu toleo la 5.3.9 la mwaka 2012, PHP ina kikomo kiitwacho max_input_vars, ambacho kwa kawaida ni maelezo 1,000 kwa fomu moja. Yanayozidi hukatwa, na onyo lake aghalabu huishia katika kumbukumbu za seva ambazo karani hazifikii. Ukurasa wa mistari 300, kila mmoja ukipeleka maelezo 4, una maelezo 1,200. Mistari 50 hivi ya mwisho haitafika. Kama rejista imepangwa kwa alfabeti, watakaoumia ni wale wale kila mara. Kikomo chaweza kuongezwa, lakini ni afadhali fomu igawanywe katika kurasa za mistari 50, maana karani aliyejaza mistari 300 bila kuhifadhi yumo hatarini hata umeme ukikatika.

Fomu ikirudishwa kwa kosa, kwa mfano kilo zimeandikwa kwa herufi, kiolezo hakina budi kurejesha yote yaliyojazwa, kila moja penye stakabadhi yake, alama za mkopo zikiwemo. Kadhalika seva isikubali namba ya stakabadhi kwa kuwa tu imeletwa na kivinjari. Mtu mwenye ujuzi kidogo aweza kuibadilisha kabla ya kuituma. Ilinganishwe na orodha ya stakabadhi zilizotolewa na chama hicho siku hiyo.

Katibu anayepokea mfumo mpya hahitaji kujua lugha ya kompyuta ili kuupima. Aingize stakabadhi nne za majaribio, mbili zikiwa za mwanachama mmoja, atie alama ya mkopo katika ya mwisho pekee, kisha ahifadhi, aufungue ukurasa upya na kuusoma mstari kwa mstari akiwa na karatasi mkononi. Jaribio hilo lifanyike kabla ya mzigo wa kwanza wa msimu kupandishwa kwenye mizani.