Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Michezo ya Kompyuta Katika Nyumba ya Linux



Mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka 17, alinijia siku moja na kompyuta yake kwapani. "Ami," akasema, "nimeuondoa mfumo wa zamani, nimeweka Linux. Michezo yangu yote inakubali, ila mmoja tu. Na huo mmoja ndio wachezao wenzangu wote." Babaye alikuwa amekwisha shauriwa na watu amnunulie kompyuta nyingine, na fedha iliyokuwapo ilikuwa ni ya karo. Wakanitaka rai, nami mambo haya siyajui. Basi nikamwambia kijana, "Kaa kitako, unieleze tangu mwanzo." Haya niandikayo ni niliyoyapata kwake, na niliyoyasoma baadaye ili nijue kama asemayo ni kweli.

Wala sikukusudia leo kuihukumu michezo yenyewe. Mzazi na ajue mtoto wake acheza nini na kwa muda gani. Hilo lina makala yake. Leo twauliza jambo moja tu: Mtu akinunua kompyuta kwa fedha yake, je, ni nani mwenye amri ndani yake?

NYUMBA ISIYO NA KUFULI

Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha, nao ulioenea zaidi katika kompyuta za nyumbani ni Windows wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Linux ni mfumo mwingine. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Miaka 8 kabla ya hapo, yaani 1983, Richard Stallman wa Marekani alikuwa ametangaza kazi yake iitwayo GNU, kwa kusudi kwamba kila mtu awe na haki ya kuisoma programu anayoitumia, kuibadili, na kumpa mwenziwe. Kazi hizi mbili zilipokutana, ulimwengu ukapata mfumo usiofichwa, ambao mtu aweza kuupata bila ya malipo. Hata simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo mifukoni, ndani yake mna kiini cha Linux.

Walakini wapenda michezo hawakuingia katika nyumba hii. Mtengenezaji alisema, "Siwatengenezei watu wa Linux kwa kuwa ni wachache." Mchezaji naye akasema, "Siingii Linux kwa kuwa hakuna michezo." Kila mmoja akawa anamngoja mwenziwe. Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mchezo wa Doom wa kampuni ya id Software ulifika Linux mwaka 1994. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya Loki Software kwa kazi hii khasa, ya kuichukua michezo mashuhuri na kuitengeneza upya kwa ajili ya Linux; na mwaka 2002 ikafunga milango yake kwa kukosa fedha.

MWENYE DUKA AINGIWA NA HOFU

Mwaka 2012 Microsoft ilitia duka lake yenyewe ndani ya Windows 8. Kampuni ya Valve, yenye duka kubwa la michezo kwa njia ya intaneti liitwalo Steam, ikaona hatari. Mpangaji mwenye duka akimwona mwenye nyumba naye anafungua duka pale pale, hapana budi atafute pa kuhamia. Mkuu wa Valve, Gabe Newell, alisema hadharani kwamba Windows 8 ilikuwa ni janga kwa watu wote wa biashara hiyo, na mwezi wa Februari 2013 Steam ikafunguliwa katika Linux. Tuseme kweli: Valve haikuja kwa kupenda uhuru peke yake, bali ilitafuta pa kujikinga.

Mwaka 2015 zikatolewa kompyuta za michezo zilizoitwa Steam Machines, zenye mfumo wa Linux. Hazikupata wanunuzi wengi, kwa kuwa michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux ilikuwa bado michache. Ikadhihirika kwamba kumwomba kila mtengenezaji, mmoja mmoja, ni kazi isiyokwisha.

KAZI YA MKALIMANI

Hapo ndipo palipotakiwa mkalimani. Mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya Windows husema lugha ya Windows: ukitaka faili, ukitaka sauti, ukitaka picha ionekane kiooni, huomba kwa maneno ya Windows, na Linux haiyafahamu maneno hayo. Tangu mwaka 1993 watu wa kujitolea walikuwa wakiandika programu iitwayo Wine, ambayo huyasikia maombi hayo na kuyageuza yawe maombi ya Linux. Valve ikaishika kazi hiyo, ikawalipa mafundi, ikaongeza sehemu ya kutafsiri picha, na mwezi wa Agosti 2018 ikatoa mkalimani wake aitwaye Proton. Mwezi wa Februari 2022 ikaanza kuwapelekea wanunuzi mashine ya kuchezea ya mkononi, Steam Deck, ambayo ndani yake ni Linux tupu. Mwenye kuishika hucheza tu, pengine bila ya kujua kwamba mkalimani yuko kazini.

Katika hesabu za Steam, wachezaji wa Linux walikuwa kwa miaka mingi kiasi cha mmoja katika 100. Mwezi wa Oktoba 2025 walipita 3 katika 100. Mwezi huo huo, tarehe 14, Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikubaliwi na Windows 11 kwa kukosa sharti zake za usalama. Bado watu wa Linux ni wachache, lakini si wa kudharauliwa tena.

RAI YA KIJANA

Nilimwuliza kijana, "Je, si afadhali kila mchezo ungetengenezwa kwa lugha ya Linux yenyewe?" Nilidhani ataitikia. Akatikisa kichwa. "La, ami. Mara nyingi kazi hiyo hupewa watu wengine wa nje. Wakiisha lipwa, huondoka. Mchezo wa Windows hurekebishwa kila mwezi, na wa Linux huachwa ukachakaa. Mimi nataka ule ule unaotunzwa, hata kama utapita kwa mkalimani. Siwaombi watutengenezee mchezo mwingine. Nawaomba wasitufungie mlango tu."

Nikamwuliza, "Nani afungaye mlango, na kwa nini?" Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Michezo ichezwayo na watu wengi kwa intaneti ina maradhi yake: walaghai hutia programu za hila, wakaona nyuma ya kuta na kupiga shabaha bila ya kukosa. Ili kuwazuia, watengenezaji huweka programu ya ulinzi, na nyingine huingia mpaka katika kiini cha mfumo, chumba cha ndani kabisa, ambamo aliyemo aweza kuona kila kitu. Mchezo wa Valorant wa kampuni ya Riot Games hufanya hivyo katika Windows, nao hauchezeki katika Linux. Mwaka 2021 walinzi wawili mashuhuri, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walipewa uwezo wa kufanya kazi pamoja na Proton, ikabaki hiari ya kila mtengenezaji. Wengine walikubali. Epic Games, ambayo Easy Anti-Cheat ni mali yake, ilikataa kwa mchezo wake wa Fortnite. Mwaka 2022 mkuu wake, Tim Sweeney, alieleza kwamba hawakuwa na imani ya kuwazuia walaghai mahali ambapo viini vya mfumo ni vya namna nyingi. Apex Legends, uliokuwa umekwisha kubali, ukawafungia watu wa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024, kwa hoja ya ulaghai hiyo hiyo.

Hoja yao ina uzito, wala haifai kuipuuza. Uhuru umwezeshao mwenye nyumba kubadili nyumba yake humwezesha na mlaghai pia. Lakini kijana alijibu kwamba walaghai wamo hata katika Windows, pamoja na walinzi wote hao. "Hakimu na akae upande wa kampuni," akasema, "autazame mwenendo wa mchezaji uwanjani. Asidai ufunguo wa chumba changu."

Wako na wengine wenye shaka ya namna nyingine. Stallman mwenyewe aliandika mwaka 2012 kwamba michezo hii, ambayo maandishi yake ya asili yamefichwa, si ya haki hata ikichezwa katika mfumo huru, na kwamba huenda ikawafundisha watu kupenda mchezo na kuusahau uhuru. Hata hivyo alikiri kwamba mwenye kuazimia kuicheza ni afadhali aichezee humo kuliko katika Windows, maana dhara moja litakuwa limempungukia. Nami naona amesema kweli katika yote mawili. Methali yetu yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa wamemfaa mwenyeji, kwani kazi ya Wine imepata mafundi wenye mshahara. Lakini mgeni adaiye funguo zote hakuja kwa wema.

TULIVYOAMUA

Fedha ya karo ilibaki kuwa ya karo. Kijana amebaki na Linux yake, na mchezo ule mmoja huucheza siku ya Jumamosi nyumbani kwa mwenziwe. Siku nyingine wenzake wakicheza, yeye huwa hayumo, na halimpendezi. Hakunificha.

Kwa wazazi na vijana wengine nasema hivi: kabla hamjalipa, ulizeni kama mchezo unakubali Linux, na kama una mlinzi wa kuingia katika kiini. Mkikosea, Steam hurudisha fedha ikiwa hazijapita siku 14 tangu kununua, na mchezo haujachezwa saa 2. Na mkikataliwa, waandikieni wenye mchezo, kwa adabu na kwa hoja. Walifunga mlango kwa kuwa tulikuwa wachache na kimya. Uchache unapungua wenyewe. Kimya ni sisi wa kukiondoa.