Tanbihi katika Furushi: Kuambatisha Maelezo kwenye Mafaili Yaliyobanwa ya Matini za Lugha, kwa Mfano wa Manyoni

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu jambo linaloonekana dogo: namna ya kuambatisha maelezo kwenye faili lililobanwa, ili atakayelipokea ajue kilichomo kabla ya kulifungua. Kazi yenyewe hufanywa na programu ndogo, kwa amri moja au mbili. Hata hivyo, kwa mtu anayekusanya na kuhifadhi matini za lugha, udogo huo unadanganya. Rekodi ya sauti isiyojulikana ni ya lugha gani, ya mahali gani, ya mwaka gani, wala kwa ruhusa ya nani, haina manufaa makubwa kwa mtafiti wa baadaye, hata kama sauti yenyewe inasikika vizuri. Mzee aliyerekodiwa huenda amekwishafariki, na mtafiti aliyemrekodi amestaafu au amesahau. Kinachobaki ni faili lenye jina kama mahojiano2.zip.

Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, inafaa sana kuwa mfano wa suala hili. Manyoni ni mahali ambapo tawi la reli liendalo Singida huachana na Reli ya Kati. Ni mahali pia ambapo lugha hukutana. Upande unaopakana na Dodoma husikika Kigogo. Kuelekea Itigi na misitu ya magharibi husikika Kikimbu. Kaskazini husikika Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi. Na miongoni mwa wafugaji wapo Wataturu, ambao lugha yao si ya Kibantu bali ni ya Kiniloti. Katika uainishaji wa Guthrie, Kigogo kimepewa alama ya G11, Kikimbu F24 na Kinyaturu F32. Kwa maneno mengine, mpaka wa kanda mbili za lugha za Kibantu unapita katika wilaya hii. Juu ya lugha zote hizo kipo Kiswahili, ambacho wazungumzaji huingia na kutoka ndani yake katika mazungumzo yaleyale.

2.0 Kwa nini jina la faili halitoshi

Watafiti wengi huamini kwamba jina la faili linatosha kulitambulisha. Imani hiyo haina msingi, na hali ya Manyoni inaonesha sababu yake. Ichukuliwe kwamba faili limeitwa Manyoni_hadithi. Jina hilo linataja mahali na aina ya matini, lakini halitaji lugha; na kwa kuwa wilaya ina lugha kadhaa, mahali hapawezi kusimama badala ya lugha. Aliye mbali anaweza kuichukua matini ya Kikimbu akaiingiza katika mkusanyo wa Kigogo, na kosa hilo likaendelea hadi katika kamusi.

Tarehe ya faili nayo si shahidi wa kutegemewa. Mfumo wa zip hurithi namna ya kuandika wakati iliyotumiwa na kompyuta za DOS: wakati huhesabiwa kuanzia mwaka 1980, kwa hatua za sekunde mbili mbili, bila kutaja ukanda wa saa. Aidha, kinachoandikwa ni wakati ambapo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Faili lililorekodiwa kijijini mwezi Juni likahaririwa Dar es Salaam mwezi Desemba litajitambulisha kuwa la Desemba.

Hoja si kwamba majina ya mafaili yapuuzwe. Hoja ni kwamba jina hubeba maneno machache, ilhali matini huhitaji maelezo marefu kidogo yasiyotengana nayo. Daftari la mtafiti hubeba maelezo hayo, lakini daftari hubaki kabatini wakati mafaili yanasafiri. Behewa linalotoka Singida na kuunganishwa na treni nyingine Manyoni haliwezi kutegemea kumbukumbu ya aliyelipakia. Sharti liambatane na hati inayosema limebeba nini na linakwenda wapi.

3.0 Suala la istilahi: maoni, maelezo au tanbihi?

Kabla ya kueleza utaratibu, yafaa istilahi zijadiliwe. Kiswahili cha kompyuta kimekua kwa kasi tangu mwanzo wa karne hii. Mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisini yenye sura ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, na kazi za namna hiyo zimesaidia kueneza maneno kama faili, programu na hariri. Hata hivyo, kwa maandishi yanayoambatishwa kwenye faili, neno linaloenea zaidi ni maoni.

Neno hilo halifai hapa. Maoni hutokana na kitenzi ona, na maana yake ni mtazamo wa mtu, ambao mwingine anaweza kuukubali au kuukataa. Kusema kwamba rekodi fulani ni ya Kigogo cha Kilimatinde si kutoa maoni; ni kutoa taarifa. Maelezo ni neno bora zaidi, lakini ni pana mno: hata kitabu kizima ni maelezo. Neno tanbihi, lenye asili ya Kiarabu, limekwishazoeleka katika vitabu vya Kiswahili kwa maana ya dokezo linalowekwa pembeni au chini ya matini ili kumzindua msomaji. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na maandishi haya. Kwa sababu hiyo, mhadhara huu unatumia tanbihi. Kwa faili linalokusanya mafaili mengine na kuyabana, unatumia furushi, yaani mzigo wa vitu vingi uliofungwa pamoja.

Desturi yenyewe si ngeni katika Kiswahili. Wanakili wa miswada ya pwani walizoea kuandika mwishoni mwa mswada jina la mnakili na tarehe ya kukamilisha kazi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa nazo ni ushahidi mzuri. W. E. Taylor alizikusanya katika karne ya 19 kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, pamoja na maelezo ya maneno na matukio. Bila maelezo hayo, beti nyingi zinazogusa mambo ya Mombasa ya wakati ule zingebaki fumbo kwa wasomaji wa leo.

4.0 Muundo wa furushi na mahali pa tanbihi

Mfumo wa zip ulibuniwa na Phil Katz wa Marekani, na maelezo ya muundo wake yalitolewa hadharani mwaka 1989, kiasi kwamba yeyote aliweza kuandika programu ya kuusoma. Furushi la zip lina sehemu kuu tatu. Kwanza huja mafaili yenyewe, moja baada ya jingine, kila moja likitanguliwa na utambulisho mfupi. Pili huja fahirisi kuu, inayoorodhesha mafaili yote na kuonesha kila moja linaanzia wapi. Tatu huja rekodi ya kufungia, ambayo bila tanbihi ina baiti 22 tu.

Baiti mbili za mwisho katika rekodi hiyo hutaja urefu wa tanbihi ya furushi, na tanbihi yenyewe hufuata papo hapo. Kwa kuwa urefu huandikwa kwa baiti mbili, tanbihi haiwezi kuzidi baiti 65,535. Kiasi hicho ni kurasa kadhaa za maandishi, na ni zaidi ya mahitaji ya kawaida. Zaidi ya hayo, kila faili lililomo linaweza kuwa na tanbihi yake, ambayo hukaa ndani ya fahirisi kuu.

Mambo mawili yanafuata kutokana na muundo huu. La kwanza ni kwamba tanbihi inaweza kuongezwa bila kufungua wala kubana upya mafaili yaliyomo. Sauti na maandishi hubaki kama yalivyokuwa. La pili ni kwamba furushi kwa ujumla wake limebadilika. Iwapo maktaba hupima uhalisi wa furushi kwa alama ya ukaguzi ya faili zima, alama hiyo itakuwa tofauti baada ya tanbihi kuongezwa. Hivyo basi, tanbihi iandikwe kwanza, kisha alama ichukuliwe, kisha furushi likabidhiwe.

5.0 Utaratibu

Miongoni mwa programu zinazofanya kazi hii ni zile za kundi la Info-ZIP, zinazopatikana bure. Amri zip -z ikifuatiwa na jina la furushi humwezesha mtumiaji kuandika tanbihi, naye humaliza kwa mstari wenye nukta peke yake. Amri unzip -z huionesha tanbihi bila kulifungua furushi. Kwa tanbihi za faili mojamoja ipo programu ndogo iitwayo zipnote: huziandika tanbihi zote katika faili la maandishi, mtumiaji akazihariri, kisha akazirudisha kwa zipnote -w. Katika faili hilo mistari inayoanza na alama ya @ ni ya programu yenyewe na haifai kuchezewa. Wanaotumia WinRAR nao wanaweza kuandika na kusoma tanbihi kwa njia ya menyu.

Busara inataka kazi ifanywe kwanza kwenye nakala, kisha furushi likaguliwe kwa amri unzip -t, inayothibitisha kuwa mafaili yaliyomo ni mazima.

Tanbihi ya mkusanyo wa kubuniwa inaweza kuwa hivi:

Lugha: Kigogo, dakika za mwisho ni Kiswahili.
Mahali: Kilimatinde, wilaya ya Manyoni.
Tarehe: 14 Juni 2007, saa 3 asubuhi (09:00).
Yaliyomo: hadithi mbili; maelezo ya kupura uwele.
Msemaji: M1, mwanamke, umri miaka 70 hivi.
Ruhusa: kusikilizwa na watafiti; isitangazwe redioni.
Unukuzi: hadithi ya kwanza tu.

Mistari saba inatosha kuiokoa rekodi. Mstari wa saa unahitaji uangalifu. Kwa Mswahili, saa 3 asubuhi haina utata. Kwa msomaji wa nje, au kwa kompyuta, saa 3 ni usiku wa manane. Kuandika saa kwa namna zote mbili huondoa hitilafu hiyo.

6.0 Mipaka ya tanbihi

Mpaka wa kwanza ni wa herufi. Mfumo wa zip ulianza na seti ya herufi za kompyuta za IBM, na ingawa baadaye iliwekwa alama ya kuonesha kuwa jina na tanbihi ya faili vimeandikwa kwa Unikodi, tanbihi ya furushi zima haina alama ya namna hiyo. Kiswahili sanifu hakidhuriki, kwa kuwa huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na vialama. Ritifaa ya ng' pekee ndiyo inayopaswa kuwa ile iliyonyooka. Hali ni tofauti kwa Kinyaturu, chenye irabu saba na toni. Maneno ya lugha hiyo yakiwekwa kwenye tanbihi yanaweza kutokea yameharibika. Yafaa yabaki ndani ya faili la unukuzi, na tanbihi iandikwe kwa Kiswahili.

Mpaka wa pili ni wa kudumu kwake. Anayelifungua furushi na kuyabana upya mafaili yaliyomo hupata furushi jipya lisilo na tanbihi, na baadhi ya programu hazioneshi tanbihi kabisa. Kwa hiyo maelezo yaleyale yawekwe pia ndani, katika faili la maandishi liitwalo SOMA_KWANZA.

Mpaka wa tatu ndio mzito zaidi, nao ni wa maadili. Hata furushi likifungwa kwa nywila, tanbihi yake haifichwi. Yeyote aliyelipata anaweza kuisoma. Maelezo rasmi ya mfumo yenyewe yanaonya kwamba taarifa za siri zisiwekwe hapo. Mama wa Kilimatinde aliyekubali kusimulia habari za ugomvi wa ardhi kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, atakuwa amesalitiwa iwapo jina hilo litaandikwa kwenye tanbihi, hata kama sauti yake imefungwa kwa nywila madhubuti. Ndiyo maana mfano uliotolewa unamtaja kwa alama ya M1. Orodha ya kuunganisha alama na majina ihifadhiwe mahali pengine, chini ya ulinzi. Ruhusa yenyewe, kinyume chake, yapaswa kuonekana, kwa sababu huwezi kumtaka mtu aheshimu sharti asilolijua.

7.0 Hitimisho

Kazi kubwa zimekwishafanyika kuhusu lugha za Tanzania. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Lakini kitabu husimama juu ya rekodi, na rekodi nyingi za wanafunzi na walimu zimo katika kompyuta na diski za watu binafsi, zikiwa zimebanwa na kupewa majina wanayoyaelewa wenyewe tu. Mwanafunzi anayerudi kutoka Manyoni akiwa na mafurushi ishirini anaweza kuyaandikia tanbihi zote kwa jioni moja, wakati bado anakumbuka nani alisema nini, kwa lugha gani, na kwa sharti gani. Baada ya miaka kumi, jioni moja haitatosha, na huenda hata mwaka mzima usitoshe.