Amri ya "Weupe wa Macho": Asili na Tafsiri Yake

Miongoni mwa semi za vita zinazowatatiza wafasiri ni amri hii: "Msipige mpaka mwone weupe wa macho yao." Amri hiyo huhusishwa na mapigano ya Bunker Hill ya tarehe 17 Juni, 1775, huko Charlestown, karibu na Boston, wakati makoloni ya Marekani yalipouasi utawala wa Uingereza. Mapigano yenyewe yalitokea hasa katika kilima jirani kiitwacho Breed's Hill.

Ni nani aliyeitamka? Wengine humtaja Israel Putnam. Wengine humtaja William Prescott, aliyeongoza ndani ya boma la udongo. Hakuna ushahidi wa kukata shauri. Isitoshe, usemi wenyewe husimuliwa katika vita vya kabla ya hapo: Andrew Agnew, Mskoti, huko Dettingen mwaka 1743, na makamanda wa Prussia mwaka 1745 na 1757. Basi ni salama zaidi kuuhesabu kuwa usemi wa askari wa Ulaya wa karne ya 18.

Mfasiri akiandika kwamba askari walishika "bunduki" tu, msomaji wa leo huiwaza silaha ya kisasa, na amri huonekana kuwa majigambo. Silaha ile ilikuwa gobori. Baruti na risasi vilitiwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki. Mtutu haukuwa na mifuo ya ndani, hivyo risasi ilipotea upesi ikipigwa kutoka mbali. Na aliyekwisha kupiga alihitaji muda kushindilia tena. Juu ya hayo, waasi walikuwa na baruti haba. Neno "gobori" peke yake linairudishia amri mantiki yake.

"Weupe wa macho" nao ni kipimo cha umbali. Sisi tuliozoea shibiri, dhiraa na pima hatuoni ajabu mwili wa binadamu kutumiwa kupimia. Inasimuliwa kwamba siku hiyo hiyo John Stark alichomeka mti yapata hatua 40 mbele ya safu yake, akaamuru asipige mtu kabla adui hajaufikia. Maana ni ile ile. Kilichobadilika ni alama tu.

Waingereza walirudishwa nyuma mara mbili. Katika shambulio la tatu baruti ya waasi ilikwisha, nao wakakiacha kilima. Hata hivyo Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walizidi 1,000. Waasi walikuwa kama 450.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno "weupe wa macho" yahifadhiwe katika tafsiri, kwa kuwa Kiswahili kinayabeba bila taabu, na silaha iitwe gobori. Mfasiri asiyeijua zana hawezi kuifasiri amri ya aliyeishika.