Mstari Mwekundu Katika Kipimo cha Malaria

Mkazi wa Sumbawanga anayeshuka kutoka uwanda wa Ufipa kwenda Muze au Mtowisa, katika Bonde la Rukwa, huenda akarejea na homa. Kituoni hutobolewa kidole, na tone moja la damu huamua iwapo atapewa dawa mseto. Kwa kuwa uamuzi huo hutegemea kipande kidogo cha plastiki, tumeona vyema kueleza kinavyofanya kazi na pale kinapoweza kupotosha.

Ndani ya plastiki hiyo mna ukanda wenye chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba 25,000 hivi zikipangwa safu moja hufikisha milimita moja tu. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haionekani ya manjano, bali nyekundu. Kila chembe imevikwa kingamwili inayonasa protini ya kimelea cha malaria. Damu ipitapo ukandani, protini iliyonaswa huzuiliwa penye alama T, chembe hurundikana hapo, na mstari hujitokeza. Mstari wa C huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, majibu hayafai hata kama T inaonekana, na mtumiaji anastahili kupimwa upya.

Vipo pia vipimo, kama vile baadhi ya vile vya kutambua mshtuko wa moyo, ambavyo chembe zake hung'aa zikimulikwa kwa mwanga maalumu. Mng'ao huo husomwa na mashine, wala si kwa macho.

Pakiti ifunguliwe mbele yako, nawe usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Vipimo vingi havipaswi kuhifadhiwa katika joto linalozidi nyuzi 40 za Selsiasi; ubaridi wa Sumbawanga hauponyi katoni iliyounguzwa na jua safarini. Majibu husomwa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, aghalabu dakika 15 hadi 20. Mstari hafifu wa T uliotokea ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa malaria ipo. Uliojitokeza baadaye, kipimo kikiwa kimeachwa mezani, hauhesabiwi.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: protini inayotafutwa na vipimo vingi hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa malaria mwezi uliopita aweza kuonyesha mstari leo, ilhali kinachomsumbua ni nimonia. Akipewa tena dawa ya malaria peke yake, nimonia huendelea kumla. Kwa hiyo mweleze mhudumu tarehe ya matibabu yaliyopita, na uombe damu ichunguzwe kwa hadubini, ambayo huonyesha vimelea vyenyewe.

Kipimo kisipoonyesha malaria, usinunue dawa mseto kwa kubahatisha. Uliza homa inatokana na nini, mtaje mhudumu safari ya bondeni, na homa ikiendelea rudi kituoni upimwe tena. Mtoto akipumua kwa shida, akipata degedege au akishindwa kunyonya, apelekwe mara moja.