Swali la Mbunge na Jibu Lililoandikwa

Katika mikutano mingi mwanachama huuliza swali, hujibiwa kwa mdomo, na jambo huishia hapo. Inafaa basi kueleza jinsi swali linavyoshughulikiwa katika Bunge la Makabwela la Uingereza, kwa mfano wa Bibi Barbara Castle, aliyekuwa mbunge wa Blackburn tangu 1945 hadi 1979.

Katika Bunge hilo mbunge hupeleka swali kwa maandishi siku kadhaa kabla. Swali humwelekea waziri mwenye dhamana, nalo huchapishwa. Waziri akiisha kujibu, mbunge aweza kuuliza swali la nyongeza ambalo waziri hakuonyeshwa. Yote yasemwayo huingia katika taarifa rasmi iitwayo Hansard.

Bibi Castle alikuwa wa chama cha Labour, kilichokuwa upinzani tangu 1951 hadi 1964. Hakuwa na mamlaka juu ya askari hata mmoja. Lakini mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari, alisafiri hadi Kenya kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyefia mikononi mwa polisi.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa walipokuwa wakilazimishwa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya Serikali ya kikoloni ilisema vifo hivyo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa hakimu ulithibitisha kwamba waliuawa kwa kipigo. Hapo ndipo maandishi yalipofanya kazi yake: taarifa ile ilikwisha kutolewa, wala haikuweza kukanwa. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alitakiwa aeleze.

Mwezi Juni Serikali ilishinda kura, kwa kuwa ilikuwa na wabunge wengi zaidi. Wapinzani hawakunyamaza. Katika mjadala wa usiku wa tarehe 27 Julai, Bibi Castle alisema tena, na hata Enoch Powell, wa chama tawala chenyewe, akaishutumu Serikali yake waziwazi. Kura ilikwisha kupotea, lakini hoja haikupotea. Hadi leo maneno hayo yanasomwa katika Hansard.

Makatibu na wajumbe wayazingatie haya. Swali la mwanachama juu ya mizani, makato au deni la chama si utovu wa adabu; ni haki yake. Mwulizaji na ataje tarehe, kiasi na stakabadhi. Mwenye dhamana na ajibu mwenyewe. Naye katibu aandike swali na jibu katika kumbukumbu za mkutano, kisha yasomwe mkutano ufuatao. Jibu lisiloandikwa laweza kubadilishwa kesho, na aliyepunjwa akakosa pa kushika.